Alama kwenye Kadi za Libérat

Annonciata aliilaza kadi ya nane kwenye kioo, uso chini, akaisogeza kwa ncha ya rula mpaka ikanyooka na nyingine, kisha akashusha kifuniko kwa mikono miwili. Skana ilinguruma kidogo. Mstari wa mwanga ukapita, ukarudi, na kwenye skrini zikatokea sura nane za wachezaji wa zamani: kipa mwenye glavu kubwa kuliko kichwa chake, beki mwenye masharubu, winga wa Kameruni ambaye jina lake lilikuwa limefutika. Zote zilikuwa na rangi ya chai iliyochemka sana. Kadi hizo, zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za bablishi, zilikuwa zimekaa miaka mingi kwenye kopo ndani ya bani la kukaushia tumbaku, na kila kopo lilipofunguliwa duka zima lilinukia tumbaku.

Aliihifadhi picha hiyo kama ilivyo, kwenye folda aliyoiita Mbichi. Kisha akabonyeza kitufe cha kung'arisha. Ukahawia wote ukaondoka, kingo za kadi zikawa nyeupe, haikujulikana tena kadi inaishia wapi na kifuniko cheupe cha skana kinaanzia wapi. Nakala hiyo aliiweka kwenye folda ya pili. Skana ilikuwa mpya, bado ina nailoni pembeni, na alikuwa amejifunza kuitumia mwenyewe, kwa kusoma kijitabu chake ukurasa baada ya ukurasa wakati duka halina wateja.

"Hizo mbichi si ufute tu, dada," alisema Sixte kutoka kwenye benchi. "Zinajaza mashine bure."

Annonciata alimjibu mdogo wake kwamba mashine ina nafasi, akaendelea.

Kadi zilikuwa za kaka yao mkubwa, Libérat, aliyefariki mwaka uliopita. Jumamosi, kwao Katumba, ukoo ungekutana kwa ajili ya kuganduka, siku ya kumaliza maombolezo ya mwaka mzima, na Sixte alitaka watu wakute albamu iliyochapishwa kwa rangi, na kadi zenyewe zikiwa ndani ya plastiki, zimetundikwa kwenye kamba chini ya turubai. Kwa hiyo kila kadi nane zikishapita kwenye skana, Annonciata alizichukua moja moja, akazikata pembe kwa kile kikatio anachotumia kwenye vitambulisho, zikawa za duara, halafu akazipitisha kwenye mashine ya laminesheni. Pembe za juu za kadi nyingi zilikuwa zimeliwa kidogo. Alidhani ni panya wa banini. Sixte alikuwa amemwambia azikate zote pembe nne ili zifanane.

Ukurasa wa kwanza wa albamu Sixte alikuwa ameshauandika mwenyewe, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake: "Kadi za marehemu Libérat, alizowashinda vijana wa Katumba na Msukuma mmoja."

Annonciata alimuuliza kama maneno matatu ya mwisho yana ulazima. Sixte akasema hadithi hiyo kila mtu anaijua, na watu wakishalia mwaka mzima wanastahili kucheka kidogo.

Ni kweli kila mtu aliijua. Ilisimuliwa kwenye kila kikao cha familia, kwenye ubatizo, kwenye Krismasi, na wageni wapya walisimuliwa upya: jinsi Libérat, mtoto wa mkulima wa tumbaku, alivyokutana na mtoto wa Kisukuma aliyekuwa akilisha ng'ombe kwenye mabua ya mahindi baada ya mavuno, jinsi walivyocheza mchezo wa kupindua kadi kwa kuipiga kiganja, na jinsi yule mchungaji alivyofilisiwa kadi zote mpaka baba yake akahamisha ng'ombe kwenda bonde la Rukwa kwa aibu. Watu walicheka zaidi hapo kwenye aibu. Libérat mwenyewe alikuwa akicheka tu, hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Na yule Msukuma, ambaye baadaye alirudi, akawa rafiki wa Libérat tena na hatimaye akaoa dada yake, alikuwa akiinama na kula chakula chake.

Jina lake Lucas Machibya. Sasa alikuwa dalali wa ng'ombe, na mchana huo aliingia dukani akiwa na mabuti yenye matope ya mnadani.

"Shemeji karibu," Sixte alisema. "Umekuja kuangalia ulivyofilisiwa?"

Machibya aliitikia salamu ya mke wake, Annonciata, hiyo nyingine akaiacha. Alisimama mbele ya skrini akausoma ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa bado wazi. Aliusoma polepole, kisha akausoma tena. Halafu akauliza kama huo ndio utakaochapishwa. Sixte akasema ndio, nakala moja ya kila shangazi na moja ya paroko.

"Kwa hiyo sasa yatakuwa na karatasi," Machibya alisema.

Akachukua kadi moja kutoka kwenye rundo lililokwisha kuwekwa plastiki. Akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya juu, upande wa kushoto, kama anavyofanya kwenye sikio la ng'ombe asiyemjua. Akachukua nyingine. Akachukua ya tatu.

"Nani amezikata masikio?"

Annonciata aliuliza masikio gani.

"Hapa." Aliigusa pembe. "Hapa palikuwa na mkato wangu. Nusu mwezi, sikio la kushoto. Ng'ombe wa baba wote walikuwa nao, na mimi kadi zangu nilizikata hivyo hivyo, kwa wembe. Libérat anajua. Alikuwa anajua."

"Kadi haina masikio, shemeji," Sixte alisema. "Ni karatasi. Rudi mnadani."

"Huko mnadani mtu akiiba ng'ombe, analikata sikio upya juu ya alama ya mwenyewe mpaka lisisomeke. Na mtu wa hivyo ana jina lake."

"Litaje."

"Dada yako yupo hapa."

Annonciata alikuwa bado ameshika rula. Aliiweka chini. Akasema kwamba aliyezikata ni yeye.

Machibya alimgeukia. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na hakuwa na kawaida ya kumtazama hivyo mbele ya watu. "Kwa akili yako, Mama Odeta?"

"Zilikuwa zimelikalika. Nikadhani panya. Sixte akasema zifanane."

"Panya anakula nusu mwezi?"

Zizini kwao Machibya mwenyewe ndiye aliyewahi kumwonyesha ile alama kwenye sikio, na kila asubuhi aliwaona wale ng'ombe wakitoka. Lakini macho yake yaliyozoea kuiona kwenye ngozi hayakuitambua kwenye karatasi. Alimtazama mdogo wake. Sixte alikuwa akitabasamu, lakini yeye hutabasamu pia anapokuwa na hofu, tangu utotoni. Enzi za mchezo ule alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Huenda hakujua lolote kuhusu mikato. Huenda Libérat alimwambia. Annonciata hakuweza kulijua hilo kwa kumtazama, akaacha kumtazama.

Machibya alivuta kiti cha wateja akaketi, mabuti yake yakiwa mbele ya kaunta, na akaeleza. Hakupandisha sauti, ila kila neno alilitua kwa uzito. Alisema hakufilisiwa. Baba yake alipoamua kuhama, yeye alikuwa na kazi ya kuswaga ng'ombe porini siku nyingi, mvua juu, na kopo la kadi lisingefika. Kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya watu wazima kwenye mifugo: aliziwekesha. Ukimwekesha mtu ng'ombe, anakamua na anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wako na alama inabaki yako. Alimwambia Libérat acheze nazo, na atakachoshinda kwa kadi hizo kiwe maziwa yake.

"Na kwa nini hukuzifuata?" Sixte aliuliza. "Umekaa mezani kwetu miaka yote. Ulikuwa unamwogopa marehemu?"

"Mtu unayemwamini humkimbilii na kamba. Nilijua ziko mahali pazuri."

"Sasa amekufa ndiyo umekumbuka."

"Sasa amekufa ndiyo mnaandika."

Akaendelea na jambo la pili, ambalo Annonciata alilisikiliza kwa makini zaidi. Alisema yeye na Libérat walikuwa na sheria. Kadi uliyoishinda huifuti alama ya mwenzako. Unakata yako upande wa pili, kama anayenunua ng'ombe anavyoongeza alama yake kwenye sikio jingine. Ya Libérat ilikuwa kulia. Kwa hiyo kadi aliyoshindwa Machibya ingekuwa na mikato miwili. Aliyoiwekesha ingekuwa na mmoja tu. Mtu yeyote angeweza kuziangalia na kujua, hata asingekuwepo.

"Na sasa haziangaliki," alisema. "Mmezinyoa pande zote."

"Basi hakuna ushahidi," Sixte alisema, na akajiegemeza ukutani.

Annonciata alikivuta kipanya. Akafunga ukurasa wa kwanza, akafungua folda ya Mbichi.

"Dada, una mteja," Sixte alisema. Mlangoni kulikuwa na mama mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa cha kutolea nakala. Annonciata alimwomba radhi, akamwambia arudi baadaye kidogo. Yule mama akawatazama wote watatu na akaondoka bila kuuliza.

Picha ya kwanza ilijaa kwenye skrini. Kadi za kahawia zilikuwa zimelala juu ya weupe wa kifuniko, na kila kilichopungua kwenye kadi kilionekana cheupe. Alimkuza kipa wa glavu kubwa. Juu kushoto palikuwa na nusu mwezi, mdogo, ulioviringwa vizuri na mkono uliokuwa na subira. Kulia pembe ilikuwa nzima.

Machibya aliinua kidole kimoja.

Winga wa Kameruni alikuwa hivyo hivyo. Kiungo aliyemfuata naye hivyo hivyo. Sixte alikuwa ameinuka kwenye benchi na kuja nyuma ya kiti. Alisema Libérat hakuwa mchungaji, hakuwa mtu wa kukaa na wembe anakatakata vitu; huyu ni mtu aliyevaa viatu vya kamba bila kufunga kamba mpaka anakufa. Alishinda, akachoka kukata, basi. Annonciata karibu acheke, kwa sababu habari ya kamba ilikuwa kweli.

"Kwa hiyo alikuwa mshindi mvivu," Machibya alisema.

"Alikuwa mshindi. Wewe ulikuwa unanuka ng'ombe."

"Na dada yako akaolewa na harufu hiyo."

"Nyie," Annonciata alisema. Ilitosha kuwanyamazisha kwa muda wa kadi moja.

Kadi hiyo ilikuwa ya beki mwenye masharubu. Kushoto kulikuwa na nusu mwezi. Kulia kulikuwa na mkato mwingine, mbaya, umeenda upande, kama wa mkasi usiokata. Annonciata aliukuza zaidi ili asikosee. Haukuwa wa panya.

"Huyu je?" Sixte aliuliza kwa upole uliozidi. "Huyu naye alikuja kulala tu?"

Machibya aliiangalia kadi hiyo kwa muda mrefu. "Kwa huyu Libérat alinishinda," alisema.

"Sikusikia."

"Umesikia."

"Jumamosi utasimama useme hivyo hivyo mbele ya watu."

"Nitasema. Na wewe utasimama useme za yule kipa."

"Mimi sisemi kitu. Mimi ni mfiwa."

Annonciata alitengeneza folda tatu. Ya kwanza aliiita Libérat, ya kadi zenye mkato wa kulia peke yake. Ya pili Alizoshinda, ya zenye mikato miwili. Ya tatu Alizowekeshwa. Alianza kukata picha kadi moja moja na kuzigawa, na kila alipoigawa moja, mmoja wa wanaume hao alipumua kwa nguvu. Za mikato miwili hazikuwa chache. Mume wake alikuwa ameshindwa mara nyingi kuliko alivyokiri, na hilo lilionekana kwenye mabega yake. Lakini za mkato mmoja wa kushoto zilikuwa nyingi zaidi, na hilo lilionekana kwenye uso wa Sixte.

Alisema kwa sauti yake ya kawaida kwamba ukurasa wa kwanza itabidi uandikwe upya. Sixte akajibu kwamba ukiguswa neno moja, atachukua kopo lake na kwenda steshenari nyingine, zimejaa hapo Majengo. Machibya akasema aende, lakini kadi za nusu mwezi zinabaki. Mikono yao ikafika kwenye kopo kwa pamoja. Lilikuwa bado na zaidi ya nusu ya kadi, ambazo hazijapita kwenye skana.

"Achia," Sixte alisema.

"Ukilala nazo hizi, asubuhi zote zitakuwa na masikio mawili. Una mkasi nyumbani."

"Na wewe una wembe."

"Mimi nikiongeza mkato napata nini, pumbavu?"

Neno hilo halikuwa la kumwambia shemeji, na wote watatu walilisikia likikaa pale. Sixte alikuwa mdogo. Machibya alikuwa amemlipia ada ya sekondari. Na kwa mila za pande zote mbili walitakiwa kutaniana, sio kutukanana. Hakuna aliyelirudisha.

Annonciata alisema jambo moja tu linawezekana: kadi zote zilizobaki zipite kwenye skana leo, zikiwa mbichi, wote wawili wakiwa wamesimama hapa, na kisha hakuna mkasi utakaobadilisha kitu. Hakungoja wakubali. Alichota nane kutoka kwenye kopo walilokuwa bado wamelishika, akainua kifuniko, akazilaza kwenye kioo, akazinyoosha kwa rula. Akashusha kifuniko. Akabonyeza.

Mwanga ulianza kupita, ukafika katikati, ukazimika. Feni ikapunguza mwendo na kusimama. Nje, mtaa mzima uliguna, na muziki wa kinyozi wa jirani ukakatika katikati ya neno.

Kompyuta ilikuwa na betri yake. Skana ilitegemea umeme wa ukutani. Walingoja. Sixte alikaa upande mmoja wa kopo na Machibya upande wa pili, hakuna aliyetoka hata kwenda kununua maji. Mama wa cheti cha kuzaliwa alirudi, akaambiwa umeme hakuna, akasema alijua tu. Jua lilipofika kwenye ukuta wa duka la mkabala, Annonciata akaona kwamba leo haitawezekana.

Alipendekeza kopo lilale dukani. Sixte akauliza ufunguo wa duka unalala wapi. Unalala kwao, kwa Machibya. Alipendekeza aende nalo Sixte. Machibya akacheka bila kufungua mdomo. Basi akachukua gundi ya karatasi, ile pana ya kufungia maboksi, akalizungushia kopo juu na chini na pembeni mpaka bati halikuonekana, kisha akawapa kalamu ya wino mzito waandike juu ya maungio. Sixte alitia saini yake yenye mikunjo mingi. Machibya alichora nusu mwezi.

"Hata hapo," Sixte alisema.

"Hata hapo."

Sixte aliliweka kopo kwapani. Machibya naye aliinama nyuma ya meza, akachomoa waya wa umeme wa skana, akauviringa na kuutia mfukoni mwa koti. Alisema hivyo hakuna atakayeanza kesho kabla ya mwingine kufika. Annonciata alitaka kumwambia kwamba waya ule ni wa dukani na kesho asubuhi ana kazi ya mtu wa halmashauri, lakini aliiona sura yake, akaamua mtu wa halmashauri atangoja.

Zikabaki zile nane chini ya kifuniko. Sixte alisema zitolewe ziingie kopo. Machibya akasema kopo limeshafungwa. Kila mmoja alinyoosha mkono kidogo na kila mmoja akauona mkono wa mwenzake. Kwa hiyo kifuniko kilibaki kilivyo, na Annonciata akabandika kipande cha gundi kuanzia kifuniko hadi kwenye mwili wa mashine yake mpya. Hapo pia waliandika.

Sixte aliondoka bila kuaga, akaelekea barabarani kutafuta bodaboda ya kumrudisha Katumba. Machibya alitoka kuwasha pikipiki yake.

Annonciata alibaki kufunga. Alipoinua pipa la taka ili alimwage, aliona ndani yake vile vipande vidogo alivyovikata tangu asubuhi, vimelala kama makucha. Alitandaza karatasi nyeupe kwenye kaunta, akalimwaga pipa juu yake, akasogelea mlango penye mwanga. Kila kipande kilikuwa pembe, na baadhi ya pembe zilikuwa na mzingo wa ndani, laini, uliokatwa na mtoto aliyetaka vitu vyake vijulikane. Akaanza kuvichambua kwa ncha ya rula: vyenye mzingo huku, vizima huku, vilivyokatwa vibaya kwa mkasi pale katikati.

Pikipiki ilipigwa honi mara moja. Mwanga ulikuwa umepungua, na vya kushoto alianza kuvichanganya na vya kulia. Aliikunja karatasi kwa uangalifu, mafungu matatu yasiingiliane, pamoja na lile kubwa ambalo hakuwa amelifikia, akaiweka chini ya skana na kuteremsha shata.